Kondoo 65: hotuba kuhusu kutekwa, kuhama na kujitenga

Wazee wangu mlioketi hapa mbele, ndugu zangu, na ninyi vijana mliosimama kule nyuma kwa kukosa viti, nawashukuru kwa kuja. Nimeombwa nizungumze jinsi mataifa yalivyotekwa, watu walivyohama na nchi zilivyojitenga, na jinsi mambo hayo yalivyozifinyanga jamii. Mada ni pana mno, kwa hiyo nawaomba tuanze na jambo dogo. Tuhesabu.

Moja, mbili, tatu, nne, tano. Hapo tuko kwenye ukoo wa Kibantu. Mkongo husema tatu, Mshona husema tatu, Mzulu husema kuthathu, na hakuna anayehitaji mkalimani. Sita, saba: hapo tumevuka bahari, hayo ni maneno ya Kiarabu. Nane: tumerudi nyuma. Tisa: Kiarabu tena. Kumi: Kibantu. Zamani Kiswahili kilikuwa na tandatu, mfungate na kenda. Kenda bado limo kwenye kamusi, na mfungate limejificha ndani ya fungate, zile siku saba za maharusi. Hakuna jeshi lililoamuru kenda liondoke. Watu wenye asili ya mbali, waliohama kizazi baada ya kizazi kutoka pande za mpaka wa Nigeria na Kameruni za leo, walikutana na watu wengine waliokuja kwa jahazi. Wakauziana, wakaoana, wakahesabu mali pamoja, na maneno matatu yakabadilika. Hakuna anayeijua siku yenyewe.

Nimeanza hapo kwa sababu somo la historia tulilopewa wengi wetu lilikuwa somo la siku. Siku ya vita, siku ya kuvuka mto, siku ya kupandisha bendera. Mimi nimekuja kuwasihi tuitazame siku ya pili yake. Jeshi likishashinda, aliyekuja na aliyekuwepo wanaamka asubuhi wakiwa na kisima kimoja, soko moja, hakimu mmoja na, baada ya muda, wajukuu wamoja. Namna watakavyogawana hivyo ndiyo itakayoamua watoto wao watakuwa watu gani. Wakigawana vibaya, deni linalala. Linaweza kulala miaka mia, na likiamka huitwa kujitenga.

Huko Vienna kimehifadhiwa kipande cha mafunjo, ile karatasi ya kale ya Misri, cha mwaka 643. Kwa hesabu ya Hijra ni mwaka wa 22. Majeshi ya Waarabu chini ya Amr ibn al-As yalikuwa yameingia Misri mwishoni mwa 639 na kuipokonya dola ya Rumi ya Mashariki. Hebu fikirini ni nini kimeandikwa kwenye hati hiyo, ambayo ni miongoni mwa hati kongwe kabisa za Kiarabu zenye tarehe. Wengi wetu tungetarajia shairi la ushindi. Ni risiti ya kondoo. Kamanda Abdallah ibn Jabir anakiri kwamba yeye na askari wake wamepokea kondoo wa kuchinja, 50, kisha wengine 15. Jumla 65. Juu kuna mistari mitatu ya Kigiriki, chini yake mitano ya Kiarabu. Karani wa Kigiriki anajitaja: ni Yohana, shemasi wa kanisa.

Nawaomba tukae kidogo na karani huyu. Miaka michache tu kabla ya hapo, makarani wa aina yake walikuwa wakiandika kodi ya Kaisari. Sasa anaandika kodi ya amiri. Kalamu ile ile, lugha ile ile, kijiji kile kile. Nyuma ya hati imeandikwa kwamba kondoo hao watahesabiwa kama malipo ya awali ya kodi. Maana yake kuna mtu alisema: tukichukua bila kuandika, mwakani hatutapata kitu. Na waliopokea kondoo wanaitwaje upande ule wa nyuma? Wanaitwa kwa neno la Kigiriki, *magaritai*, ambalo wataalamu wanaliona kuwa ni muhajirina lililopita kwenye kinywa cha Mgiriki. Wahamaji! Kwa yule mwanakijiji wa Misri, aliyemteka na aliyehamia kwake walikuwa mtu mmoja, na jina alilompa ni la pili. Nilipolielewa hilo kwa mara ya kwanza, nililazimika kuacha desturi ya kuyafundisha mambo haya matatu katika sura tatu tofauti.

Kigiriki kiliendelea kuandika kodi ya Misri kwa zaidi ya miaka 60 baada ya ushindi. Mnamo 706 ndipo diwani, yaani ofisi ya hesabu za serikali, iliamriwa iandike Kiarabu. Nadhani amri hiyo iliibadilisha Misri kuliko vita vyenyewe. Baba aliyetaka mwanawe apate kazi ya karani alimpeleka kujifunza Kiarabu. Mwana akazaa wana waliosikia Kiarabu nyumbani. Kikopti, lugha iliyotokana na ile ya mafarao, kikarudi nyuma hatua kwa hatua mpaka kikabaki kanisani, na kanisani kimo mpaka leo.

Sasa geukeni mwangalie Uajemi. Nayo ilitekwa na majeshi ya dola ile ile, miaka ile ile. Mfalme wake wa mwisho wa nasaba ya Wasasani, Yazdegerd wa 3, aliuawa mwaka 651. Waajemi wakapokea Uislamu polepole, wakachukua hata herufi za Kiarabu. Lugha yao lakini haikufa. Kufikia karne ya 10, kule Bukhara, mji wa Uzbekistani ya leo, kwenye baraza la watawala wa Kisamani, washairi walikuwa wakiimba kwa Kiajemi kilichoandikwa kwa herufi za washindi, na lugha hiyo inasemwa mpaka leo.

Kwa nini huku lugha ilibaki na kule ikaondoka? Swali hili limenikosesha usingizi, na wanahistoria hawajibu kwa sauti moja. Rai yangu ni hii. Uajemi ilikuwa na watu walioitwa dehqani, wenye mashamba wa ngazi ya vijiji. Washindi waliwahitaji kukusanya kodi, wakawaachia ardhi yao. Mtu aliyebaki na shamba alibaki na sebule, na sebuleni hadithi za wafalme wa kale zilisimuliwa kwa lugha ya nyumbani. Tena Khorasani, upande wa mashariki wa Uajemi, ilikuwa mbali, na mgeni aliyefika huko alijikuta anajifunza Kiajemi ili aishi. Misri taasisi kubwa ya wenyeji iliyobaki ilikuwa kanisa, na kadiri waumini walivyopungua ndivyo lugha ilivyopungua nao. Nani aliachiwa nini siku ya pili: kwangu jibu limo humo.

Mshindi naye hasalimiki. Mwaka 1644 Wamanchu, watu wa kaskazini-mashariki ya China ya leo, waliingia Beijing, na mwaka uliofuata wakatoa amri kwamba kila mwanamume wa Kichina anyoe mbele ya kichwa na kusuka nywele za nyuma kama wao. Aliyekataa aliuawa, na waliokataa walikuwa wengi. Walitawala mpaka 1912. Lakini walikuwa wachache kama kijiko cha chumvi ndani ya ziwa. Katika karne yao ya mwisho madarakani, Wamanchu wa mjini walikuwa wakizungumza Kichina, na wafalme walikuwa wameshachoka kuwahimiza vijana wajifunze lugha ya babu zao. Leo wanaokisema Kimanchu ni wa kuhesabika.

Ila kuna mahali pamoja. Mwaka 1764 serikali hiyo iliwatoa askari wa kabila la Waxibe, kama 1,000 hivi pamoja na familia zao, kutoka Shenyang mashariki, ikawapeleka bonde la Ili, magharibi kabisa, kulinda mpaka. Walitembea zaidi ya mwaka mmoja. Wakalima, wakachimba mifereji, wakazaliana wakiwa mbali na ikulu na mbali na masoko ya Kichina. Wajukuu wao ndio leo wanaozungumza lugha iliyo ndugu wa damu wa Kimanchu. Ikulu ilipoteza lugha ya washindi, ikahifadhiwa na watu waliohamishwa kwa amri, kwenye mashamba ya mpakani. Nikisimulia habari hii huwa nasikia uchungu na faraja kwa pamoja.

Uingereza nitaipitia haraka. Wanormani, watu wa kaskazini mwa Ufaransa, waliiteka mwaka 1066, wakaandikisha mali yote ya nchi mwaka 1086, na kufikia hapo karibu mashamba yote makubwa yalikuwa mikononi mwao. Mahakama ziliendelea kutumia Kifaransa mpaka mwaka 1362, ilipotungwa sheria kwamba mashauri yasikilizwe kwa Kiingereza kwa sababu watu hawaelewi wanachoshtakiwa. Sheria hiyo yenyewe iliandikwa kwa Kifaransa. Karne tatu, ndugu zangu, mtu anahukumiwa kwa lugha asiyoijua.

Naja kwenye jambo ambalo sitaliita kuhama, hata kama vitabu vingine vinaliweka kwenye sura ya uhamiaji. Hispania ilipoiteka Tenochtitlan, mji mkuu wa Waazteki huko Meksiko, mwaka 1521, ndui ilikuwa imetangulia mwaka mmoja kabla na kuua watu wasiohesabika. Visiwani Karibi na barani Amerika wenyeji wengi mno walikufa kwa magonjwa, kazi za shuruti na mauaji. Washindi walikuwa na ardhi na migodi bila mikono ya kuifanyia kazi. Wakaifuata mikono hiyo Afrika. Kwa makadirio ya wanahistoria, watu wapatao milioni 12.5 walipakiwa melini kuvuka Atlantiki, na waliofika hai ni kama milioni 10.7. Tofauti ya namba hizo mbili imelala chini ya maji.

Angalieni mnyororo ulivyoshikana. Kutekwa kwa bara moja kulizaa utekaji nyara wa watu wa bara jingine. Kisha kwenye koloni la Ufaransa la Saint-Domingue, huko huko Karibi, walikokuwa watumwa wapatao 500,000, wengi wao waliozaliwa Afrika, watumwa waliinuka mwaka 1791. Mwaka 1804 wakatangaza nchi yao, Haiti. Tuseme hapo ndipo hadithi ya siku inapokwisha, bendera imepanda. Siku ya pili ilikuja mwaka 1825: meli za kivita za Ufaransa zilifika zikidai fidia ya faranga milioni 150, kwa ajili ya mali waliyopoteza wenye mashamba, wakiwemo wanadamu waliojikomboa. Baadaye ikapunguzwa kuwa milioni 90. Haiti ilikopa ili ilipe, na mikopo iliyotokana na fidia hiyo ilimalizika kulipwa mwaka 1947. Watu walijinunua kwa zaidi ya karne moja baada ya kuwa huru. Sijui namna ya kulisema hili kwa sauti ya utulivu.

Kuna waliodhani dawa ni kuwatenganisha watu kabisa, kila mmoja apelekwe kwake. Januari 1923, huko Lausanne, Uswisi, Ugiriki na Uturuki zilitia saini mkataba wa kubadilishana watu. Wakristo wa Kiothodoksi wapatao milioni 1.2 walihesabiwa kuwa wa Ugiriki, wengi wao wakiwa wamekwisha kukimbia vita. Waislamu kama 400,000 walihesabiwa kuwa wa Uturuki. Kipimo kilikuwa dini peke yake. Basi wakatolewa Anatolia, sehemu kubwa ya Uturuki ya leo, Wakristo walioitwa Karamanli, watu ambao lugha yao ya nyumbani ilikuwa Kituruki, waliokiandika kwa herufi za Kigiriki. Na wakatolewa kisiwa cha Krete Waislamu waliozungumza Kigiriki tu. Mama wa Kikaramanli alifika "kwao" hawezi hata kuomba maji kwa lugha ya watu wa pale. Ugirikini waliwatukana waliokuja kuwa ni mbegu ya Kituruki. Uturuki nako Wakrete waliitwa nusu makafiri. Ramani ilinyooka. Watu walitumia kizazi kizima wakijifunza kuwa wenyeji mahali walipoambiwa kwamba ndipo walipokuwa wa asili.

Nimebakiwa na kujitenga, na hapa nataka nianzie mbali, kwa sababu tumezoea kudhani kujitenga ni kukata ardhi. Mwaka 494 kabla ya Kristo, kama Warumi wenyewe walivyosimulia, watu wa tabaka la chini wa mji wa Roma, waliokuwa wakipigana vita vya mji na kurudi kufungwa kwa madeni, walifunga virago. Hawakuchoma nyumba wala hawakumpiga mtu. Walitoka mjini wakaenda kukaa kwenye kilima walichokuja kukiita Mlima Mtakatifu. Mabwana wakabaki na mji usio na askari. Akatumwa mzee mmoja, Menenius Agrippa, awasimulie kisa cha viungo vya mwili vilivyoligomea tumbo. Kisa ni kizuri, lakini mimi siamini kwamba ndicho kilichowarudisha. Walirudi walipopewa maafisa wao wenyewe, tribuni, wenye uwezo wa kusimama mbele ya hakimu na kusema hapana, na ambao kuwagusa kwa ubaya ilikuwa hatia kubwa. Walijitenga ili warudi kwa masharti.

Nawaomba mkishike kisa hicho, kwa sababu swali la kwanza la kumuuliza anayejitenga ni: unatoka kwa ajili ya nini? Majimbo 11 ya kusini mwa Marekani yalijitenga mwaka 1860 na 1861, na katiba waliyojiandikia ilikataza waziwazi sheria yoyote ya kufuta umiliki wa watumwa. Humo watu wapatao milioni tatu na nusu walikuwa mali ya wenzao, na wenye mali walitaka nchi itakayowaachia. Vita vilivyofuata viliua zaidi ya watu 600,000. Neno kujitenga ni hilo hilo moja, kwa wale wa Roma na kwa hawa. Haki iliyomo ndani haifanani hata kidogo.

Sudan Kusini ilipiga kura Januari 2011, na asilimia 98.83 wakataka kutoka. Baada ya vita viwili virefu, nani angewalaumu? Bendera ilipandishwa tarehe 9 Julai. Lakini sehemu kubwa ya mafuta ilibaki kusini na bomba la kuyapeleka baharini likabaki kaskazini. Abyei, eneo la mpakani linalogombaniwa na pande zote mbili, haikupata jibu. Na kulikuwa na watu wenye asili ya kusini waliokuwa wameishi Khartoum miaka 20 au 30, watoto wao wamezaliwa na kusoma huko, ambao waliamka si raia tena. Maelfu walikwama kwenye bandari ya mto ya Kosti, na vitanda, makabati na masufuria yao, wakingoja jahazi la kuwapeleka nchi ambayo wengine wao hawakuwahi kuiona. Desemba 2013 vita vikaanza ndani ya nchi mpya yenyewe. Mkataba wa amani wa mwaka 2005, uliowapa kura hiyo, ulikuwa umeeleza vizuri namna ya kutoka. Namna ya kukaa pamoja baada ya kutoka haikupewa uzito huo huo.

Wakati wote huu huenda mtu ananiuliza moyoni, je, hakuna waliofanya vizuri? Wapo, na wanaotajwa sana ni Norwe na Uswidi. Zilikuwa chini ya mfalme mmoja tangu 1814. Tarehe 7 Juni 1905 bunge la Norwe lilitangaza kwamba muungano umevunjika. Agosti wakapiga kura ya maoni: 368,208 wakasema ndiyo, 184 wakasema hapana. Wanawake hawakuruhusiwa kupiga kura, wakakusanya saini zao wenyewe, zaidi ya laki mbili. Majeshi ya pande zote mbili yalikaa tayari mpakani. Wajumbe wakakutana Karlstad, Uswidi, wakabishana wiki kadhaa, wakatoka na makubaliano: ngome za mpakani zibomolewe, liwekwe eneo lisiloingia jeshi, migogoro ipelekwe kwa wasuluhishi. Hakuna risasi iliyopigwa. Nawaheshimu sana watu wale, na nikitaka mfano wa siku ya pili iliyoandaliwa kabla ya siku ya kwanza kwisha, huwa nautaja huu.

Lakini kaskazini ya mbali waliishi Wasami, wafugaji wa wanyama wa jamii ya kulungu wenye pembe za matawi, ambao majira ya baridi walikuwa ndani ya Uswidi na kiangazi waliwapeleka mifugo hadi pwani ya Norwe. Mpaka ulipochorwa mwaka 1751, kati ya mfalme wa Uswidi na mfalme wa Denmark aliyeitawala Norwe wakati huo, wachoraji waliwafikiria. Waliongeza kwenye mkataba nyongeza maalumu: Wasami wavuke na mifugo yao vuli na masika, kama walivyozoea, na hata wafalme hao wawili wakipigana, wao waachwe wapite. Kwa zaidi ya miaka 150 mpaka ulikuwa na mlango. Norwe ilipokuwa nchi peke yake, ikataka malisho yake kwa ajili ya wakulima wake. Mkataba mpya wa mwaka 1919 ukapunguza idadi ya mifugo inayoruhusiwa kuvuka. Familia nyingi za Kisami za kaskazini mwa Uswidi zikaambiwa hazina tena pa kulishia, zihame ziende kusini. Huko kusini walikuwapo Wasami wengine, wenye malisho yao na lahaja yao, ambao hawakuulizwa. Watu wakafungasha mahema na watoto, wakaondoka kwenye makaburi ya wazee wao, na magomvi ya malisho kati ya waliohamishwa na waliokuwepo yameendelea hadi kwa wajukuu wao. Kwenye zile kura 368,208 na zile 184, swali lao halikuwamo.